Magazeti ya miji ya Marekani hayakuuawa na intaneti. Nipingeni kwa hoja

#1 Nahodha wa Msimbazi
Salaam wakuu. Kila inapozungumzwa habari ya magazeti ya Marekani kufa, jibu ni lilelile: intaneti. Mimi nalikataa. Chicago Daily News lilifungwa Machi 1978. Washington Star likafuata Agosti 1981. Philadelphia Bulletin likafungwa Januari 1982, na Cleveland Press halikuumaliza mwaka huohuo. Nani alikuwa na intaneti nyumbani wakati ule?

Ninavyoona mimi, waliyoyaua ni wenye mali wenyewe. Mashindano yalipokwisha na miji mingi ikabaki na gazeti mojamoja, mwenye duka, mwenye nyumba ya kupangisha na mwajiri anayetafuta mfanyakazi hawakuwa na pengine pa kutangaza. Mmiliki akavuna senti ishirini na zaidi za faida katika kila dola, na fedha hiyo haikurudi kwenye chumba cha habari. Ilikwenda kwa wenye hisa na kununulia magazeti mengine. Shida ilipofika haikukuta akiba. Leo zaidi ya theluthi moja ya magazeti yaliyokuwapo mwaka 2005 hayapo, mengi yakiwa yale ya kila wiki ya miji midogo. Karibuni mnipinge, ila mje na majina na tarehe.

#2 Dada wa Kimara
Kabla ya kupinga naomba kueleweshwa. Kwa nini Mmarekani awe na gazeti la mji wake? Sisi Mwananchi na Nipashe tunasoma Dar, Mbeya mpaka Bukoba. Nchi tajiri vile ilishindwaje kuwa na gazeti moja la taifa zima?

#3 Karani wa Posta
Dada wa Kimara, anzia kwenye posta. Mwaka 1792 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoliruhusu gazeti kusafiri kwa senti moja tu ndani ya maili 100, na senti moja na nusu kwenda mbali zaidi. Barua ya kawaida ilikuwa ghali mara nyingi zaidi ya hapo. Halafu kuna kifungu ambacho watu hukipita haraka: wahariri waliruhusiwa kupelekeana nakala bure.

Sasa fikiria mhariri wa mji mdogo Ohio. Magazeti ya New York na Philadelphia yanamfikia bila kulipa. Ananakili anachotaka, anaongeza bei ya nafaka ya soko la kwao, kesi za mahakama ya kwao na tangazo la duka la jirani. Msomaji wake ana dunia nzima pamoja na mtaa wake kwenye karatasi moja, basi gazeti la New York la nini? Gazeti la habari za jumla kwa nchi nzima lilisubiri mpaka 1982, USA Today lilipoanza kutuma kurasa kwa setilaiti kwenda viwanda vya uchapaji huko na huko.

#4 Mgosi wa Usambara
Nahodha, umekuja na majina manne mazuri lakini umeacha jambo moja. Yote manne yalikuwa magazeti ya jioni! Hilo si jambo la kubahatisha.

Gazeti la jioni lilikuwa la mfanyakazi wa kiwandani. Anaingia zamu alfajiri, anatoka saa tisa au kumi, ananunua gazeti, analisoma nyumbani. Miaka ya 1960 na 1970 viwanda vinapungua, watu wanahamia pembezoni mwa mji na wanaendesha gari wenyewe, huwezi kusoma gazeti ukiwa umeshika usukani. Magari ya kusambaza nayo yanakwama kwenye foleni ya mchana. Ukifika nyumbani televisheni inakupa habari za jioni bure. Magazeti ya asubuhi yalibaki yakisafirishwa usiku barabara zikiwa tupu. Aliyeua wale wanne ni televisheni na barabara kuu. Mwenye mali alikuwepo msibani tu.

#5 Nahodha wa Msimbazi
Mgosi, hapo nakupa haki yako kwa wale wanne. Basi nieleze Rocky Mountain News la Denver. Lile ni la asubuhi. Lilifungwa tarehe 27 Februari 2009, siku zisizofika 60 kabla ya kutimiza miaka 150.

#6 Mama Denver
Mmenigusa. Niko Colorado na siku ile naikumbuka, watu walitafuta nakala ya mwisho kama kumbukumbu ya familia. Ukurasa wa mbele uliwaaga wakazi wa Colorado wote.

Niongeze historia kidogo, maana naipenda. Mwanzilishi ni William Byers, aliyeleta mtambo wake wa kuchapa kutoka Omaha. Toleo la kwanza lilitoka tarehe 23 Aprili 1859, wakati Denver bado ni kambi ya watafuta dhahabu, na alimtangulia mpinzani wake, Cherry Creek Pioneer, kwa dakika kama 20 tu. Yule mpinzani hakuchapa tena. Mji huu ulizaliwa na ushindani wa magazeti, na kwa zaidi ya miaka 100 Rocky na Denver Post walikimbizana kila siku kutafuta habari.

Mwaka 2001 wakaunganisha idara zao za biashara kwa ubia, vyumba vya habari vikabaki viwili. Sheria inayoruhusu jambo hilo ni ya 1970, iliyosainiwa na Rais Nixon, kwa nia ya kuokoa gazeti dhaifu katika kila mji. Hapa kwetu haikuokoa.

Aliyebaki naye hakupata nafuu. Denver Post liliishia mikononi mwa Alden Global Capital, mfuko wa uwekezaji wa New York. Aprili 2018, baada ya kuambiwa nafasi 30 zaidi za waandishi zinakatwa, wahariri waliandika tahariri kumshambulia mmiliki wao wenyewe, ndani ya gazeti lake mwenyewe. Mwaka uleule baadhi ya waandishi wakaondoka wakaanzisha Colorado Sun. Kwa hiyo Nahodha, kuhusu wenye mali niko na wewe.

#7 Mhasibu Ilala
Naheshimu machungu ya Mama Denver, lakini hesabu zinasema jambo jingine. Mapato ya matangazo ya magazeti ya Marekani mwaka 2005 yalikuwa karibu dola bilioni 49. Mwaka 2022 hayakufika bilioni 10. Biashara gani inabaki hai namna hiyo?

Na tazameni yalikopotelea. Kilichokuwa kinalipa mishahara ni yale matangazo madogo madogo: chumba cha kupanga, gari lililotumika, nafasi ya kazi, mbwa aliyepotea. Mwaka 2000 peke yake yaliingiza zaidi ya dola bilioni 19. Mtu anayeitwa Craig Newmark alianza mwaka 1995 kuwatumia rafiki zake wa San Francisco barua pepe za matukio ya mjini, zikakua zikawa tovuti ya matangazo, mengi ya bure. Hapo huhitaji mmiliki mwenye roho mbaya. Mtu yeyote angemiliki gazeti, lingeanguka. Mleta mada, intaneti ndiyo.

#8 Nahodha wa Msimbazi
Mhasibu, hesabu zako ni sahihi, ila umesoma upande mmoja wa daftari. Geukia madeni.

2006: McClatchy, kampuni ya magazeti ya Sacramento, inainunua kampuni nyingine ya magazeti, Knight Ridder, kwa dola bilioni 4.5. 2007: Sam Zell anaichukua Tribune, yenye Chicago Tribune, Los Angeles Times na Baltimore Sun, kwa dola bilioni 8.2, sehemu kubwa ikiwa mkopo. Desemba 2008 Tribune inaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. McClatchy inafika hapohapo Februari 2020. Mapato yakishuka na huna deni, unapunguza kurasa, unapanga upya, unaishi. Mapato yakishuka na una riba ya kulipa kila mwezi, unafukuza mwandishi wa mahakama.

#9 Ustadh Ng'ambo
Mhasibu na Nahodha wakianza hivi najua uzi utafika kurasa kumi. Endeleeni, chai ipo.

#10 Bwana Shamba
Nyongeza. Wakati fulani magazeti haya yalikuwa na fedha za kutisha. Si New York Times ndilo lililomtuma Stanley mpaka Ujiji kumtafuta Livingstone?

#11 Mtoto wa Ujiji
Hapana mkuu! Ni New York Herald. Hilo siwezi kuliacha lipite, sisi tumekua na mwembe wanaoonyeshwa wageni kuwa ndipo wawili wale walipokutana.

James Gordon Bennett mdogo, mwana wa mwanzilishi wa gazeti, ndiye aliyemtuma. Stanley alifika Unguja Januari 1871, akaondoka Bagamoyo Machi, na tarehe ya kukutana inayotajwa zaidi ni 10 Novemba 1871. Ilikuwa habari ya kuuza gazeti, na liliuza kweli. Herald lilikuwa gazeti la mji mmoja, la wasomaji wa New York, na bado likagharimia msafara wa wapagazi na walinzi kutoka pwani mpaka Tanganyika. Leo gazeti la mji wa Marekani linaweza kushindwa kumtuma mtu ng'ambo ya mto.

#12 Mnyamwezi Halisi
Usipite Tabora kimyakimya. Stanley alikwama Kwihara kwa miezi kwa sababu ya vita vya Waarabu na Mirambo, akajiingiza upande wa Waarabu, wakapigwa. Wasomaji wa New York walimsoma Mirambo kwenye gazeti la kwao wakati Ulaya nusu yake haijamsikia.

#13 Bint Malindi, Unguja
Na msisahau nani aliyeuongoza msafara. Sidi Mubarak Bombay, mtu aliyekwisha kwenda na Burton na Speke. Herald lilimlipa Stanley umaarufu, Bombay akabaki jina la pembeni. Habari iliyoandikwa na mgeni huwa na mizani yake.

#14 Ustadh Ng'ambo
Na hilo Herald liliishia wapi? Lisije likawa nalo limeuliwa na intaneti.

#15 Mtoto wa Ujiji
Liliunganishwa na Tribune la New York mwaka 1924, likawa Herald Tribune, likafa 1966. Toleo lake la Paris, lililoanza 1887, liliendelea kwa jina la International Herald Tribune mpaka 2013, New York Times walipolibadilisha likachukua jina lao. Kwa hiyo Bwana Shamba, ukitaka kuliunganisha Times na Ujiji, una uzi mwembamba wa kushika.

#16 Fundi Chuma
Kufa kwa Herald Tribune kunanipa nafasi ya kusema msichotaka kusikia: migomo. Desemba 1962 wapanga herufi wa New York waligoma, na mji ukakaa siku 114 bila magazeti yake makubwa. Daily Mirror lilifungwa Oktoba 1963, miezi michache baada ya mgomo kuisha. Herald Tribune likafuata. Wasomaji wakizoea kuishi bila kitu hawarudi wote. Detroit nako walianza mgomo 1995, wakapoteza wasomaji wengi.

#17 Karani wa Posta
Fundi, wapanga herufi walikuwa wanaona mashine zinakuja kuchukua kazi yao, na zilikuja kweli. Usimlaumu mtu kwa kupigania mkate wake. Lakini nakubali mgomo uliwamaliza wale waliokuwa tayari wagonjwa.

#18 Wanjiru wa Chicago
Nimesoma kutoka juu mpaka hapa na kuna kitu kinanisumbua. Mnaongea kana kwamba magazeti haya yalikuwa ya kila mtu. Hayakuwa. Naomba nichukue nafasi kidogo.

Magazeti makubwa ya miji kwa miaka mingi hayakuandika harusi ya mtu mweusi, wala kifo chake, wala biashara yake. Jina lake lilionekana aliposhtakiwa. Tena wakati mwingine gazeti lenyewe lilikuwa sehemu ya uovu. Wilmington, North Carolina, 1898: News & Observer la Raleigh chini ya Josephus Daniels lilichochea wazungu kwa miezi, kisha kundi lenye silaha likaipindua serikali ya mji, likaua watu na kuchoma ofisi ya Daily Record, gazeti la Alex Manly, mtu mweusi. Tulsa, 1921: habari ya Tulsa Tribune kuhusu kijana mweusi aliyekamatwa ilikuwa miongoni mwa cheche. Mtaa wa Greenwood ukateketezwa, na ofisi ya Tulsa Star la A. J. Smitherman ikateketea humo. Memphis, 1892: Ida B. Wells aliandika kuhusu wauza duka watatu, mmoja rafiki yake, waliouawa na kundi la watu. Ofisi ya gazeti lake, Free Speech, ikavunjwa akiwa safarini, na akaonywa asirudi.

Ndiyo maana watu weusi walijenga ya kwao. La kwanza, Freedom's Journal, lilianza New York 1827, wahariri wakiwa Samuel Cornish na John Russwurm, na Russwurm baadaye alihamia Liberia akahariri Liberia Herald. Baltimore wakapata Afro-American mwaka 1892. Hapa kwetu Chicago, Robert S. Abbott alianzisha Defender mwaka 1905 akiwa na mtaji mdogo sana, na likawa gazeti la mji lililosomwa zaidi nje ya mji wake kuliko ndani. Wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala walilibeba kwenye treni mpaka Mississippi na Louisiana, wakalishusha vituoni, na kule nakala moja ilipita mikono mingi, ikasomwa kwa sauti kanisani na kwenye vinyozi. Kusini kuna sehemu walijaribu kulizuia. Abbott alichapa ratiba za treni na nafasi za kazi, akawaambia watu wapande kaskazini, na mwaka 1917 akatangaza hata siku maalumu ya kuondoka, 15 Mei. Mitaa ya kusini mwa Chicago ninayopita kila siku ilijaa kwa mchango wa karatasi ile.

Defender liliacha kuchapa Julai 2019, likabaki mtandaoni. Sikuona dunia ikililia kama ilivyolilia Rocky. Swali langu kwa Nahodha na Mhasibu: kama gazeti kubwa la mji liliwafungia mlango sehemu kubwa ya wakazi wake kwa miaka mingi, nani alitarajia wakazi hao waje kuliokoa?

#19 Dada wa Kimara
Wanjiru, asante sana. Sikuwahi kulifikiria kwa upande huo.

#20 Mwana Kivu, Kentucky
Ndugu zangu, karibuni Kentucky, Waswahili tuko wengi Louisville na Lexington, wengi kutoka Congo na Burundi. Ninaongeza juu ya maneno ya dada Wanjiru. Julai 2004 gazeti la Lexington, Herald-Leader, lilichapa ukurasa wa mbele likikiri kwamba miaka ya 1960 magazeti ya mji huu yalizificha habari za harakati za haki za watu weusi. Kansas City Star nao waliomba radhi Desemba 2020 kwa namna walivyowaandika watu weusi. Kuomba radhi ni kuzuri. Lakini baba aliyekataa kununua gazeti kwa sababu halikumheshimu, mtoto wake hakukulia na gazeti mezani. Hiyo hesabu haimo katika bilioni za Mhasibu.

#21 Mhasibu Ilala
Wanjiru, Mwana Kivu, hoja nzito. Lakini wazungu nao, waliokuwa wakiandikwa harusi zao, wameacha kununua. Mauzo ya siku za kazi yalifika karibu nakala milioni 63 mwaka 1984 na tangu hapo yanateremka kwa wote. Maelezo yenu yanaeleza uchungu zaidi ya anguko.

#22 Wanjiru wa Chicago
Hapana, yanaeleza yote mawili. Miji ile ya kaskazini ilipobadilika wakazi, magazeti yaliwafuata wazungu pembezoni kwa magari ya kusambaza, kwa gharama kubwa, na kuwaacha wasomaji waliokuwa hatua chache kutoka mlangoni pao.

#23 Bwana Shamba
Naomba mtu anijibu kwa lugha nyepesi. Gazeti la mji likifa, mkulima au fundi wa pale anapoteza nini hasa? Habari si ipo kwenye simu?

#24 Mwana Kivu, Kentucky
Bwana Shamba, kuna mfano karibu yangu. Cincinnati Post la Ohio, pamoja na toleo lake la upande wetu wa mto, lilifungwa siku ya mwisho ya 2007. Wachumi wakaifuatilia miji ya kaskazini mwa Kentucky iliyokuwa ikiandikwa nalo. Waliojitokeza kugombea walipungua, wapiga kura walipungua, na waliokuwa madarakani wakazidi kushinda. Cincinnati Enquirer lilikuwepo, simu zilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kukaa kwenye kikao cha halmashauri mpaka saa nne usiku.

#25 Mama wa Columbus
Kwetu, mji mdogo wa Ohio ambao sitautaja, gazeti la wiki lilifungwa na hakuna aliyechukua nafasi. Mwaka huo halmashauri ilipandisha ada ya maji, na tulijua bili ilipofika. Kikao kilikuwa cha wazi, kisheria tungeweza kuhudhuria. Nani anajua kuna kikao? Siku hizi habari zetu ni ukurasa wa Facebook: paka aliyepotea, mlio uliosikika usiku, na watu kutukanana kuhusu wahamiaji. Vifo tunavijua kanisani. Mimi mgeni wa nchi hii nilijifunza mji kupitia lile gazeti, nani ni nani, shule ipi inafanya nini. Waliokuja baada yangu hawana pa kujifunzia.

#26 Mgosi wa Usambara
Pole mama. Na Bwana Shamba soma habari ya Bell, California. Mji mdogo, watu hawafiki 40,000, wengi wahamiaji wa kipato cha chini. Mwaka 2010 Los Angeles Times likagundua meneja wa mji, Robert Rizzo, analipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya mshahara wa Rais wa Marekani. Madiwani wa kazi ya muda nao walikuwa wanakaribia dola 100,000. Iliendelea kwa miaka bila mwandishi anayeuangalia mji ule kwa karibu.

#27 Fundi Chuma
Lakini Mgosi, aliyefichua ni gazeti kubwa. Maana yake gazeti kubwa linatosha.

#28 Mgosi wa Usambara
Walifika Bell wakifuatilia habari ya Maywood, mji wa jirani. Ukitegemea hivyo, Bell ngapi hazijafikiwa?

#29 Otieno Minneapolis
Wadau, kuna upande hamjaugusa. Miji ya Marekani siku zote ilikuwa na magazeti ya wahamiaji. Wajerumani New York walikuwa na Staats-Zeitung tangu 1834, Wayahudi wakawa na Forverts ya Kiyidi tangu 1897, na Los Angeles ina La Opinión ya Kihispania tangu 1926. Sisi Waafrika hapa Minnesota tuna Mshale, lililoanzishwa 1995, jina la Kiswahili kabisa ingawa habari ni za Kiingereza kwa sababu wasomaji ni Wakenya, Waliberia, Waethiopia na wengine. Haya hutegemea ushirika wa jamii kuliko tangazo la gari. Mama wa Columbus, pengine dawa ya wageni inatoka kwa wageni.

#30 Mama wa Columbus
Otieno, nitaliangalia. Shida yangu ni kwamba habari ya bili ya maji lazima ifike kwa wote, mgeni na mwenyeji.

#31 Karani wa Posta
Njia nyingine ni kuondoa faida kabisa. Salt Lake Tribune lilipata hadhi ya taasisi isiyo ya faida mwaka 2019. Philadelphia Inquirer liko chini ya taasisi aliyoianzisha na kuikabidhi tajiri Lenfest. Chicago Sun-Times lilichukuliwa 2022 na redio ya umma ya Chicago. Baltimore kuna Banner, lilianza 2022 bila karatasi, na mwaka 2025 likashinda Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari, kwa habari za mji pamoja na New York Times.

#32 Fundi Chuma
Na Baltimore hapohapo, Baltimore Sun limenunuliwa Januari 2024 na David Smith, mkuu wa Sinclair ya televisheni. Kote kuwili, kwa Lenfest na kwa Smith, ni tajiri. Tofauti ni tajiri yupi amekupenda.

#33 Mama Denver
Tofauti ni kubwa, Fundi. Mmoja anaweka fedha ndani, mwingine anazitoa. Alden walipoichukua kampuni ya Tribune, ile ya Zell, mwaka 2021 kilichofuata ni watu kupewa malipo ili waondoke.

#34 Kijana wa Atlanta
Nauliza nje kidogo ya hapo. Atlanta Journal-Constitution liliacha karatasi tarehe 31 Desemba 2025, chumba cha habari kikabaki. Star-Ledger la New Jersey lilifanya hivyo Februari 2025. Je, hayo mnayahesabu kuwa yamekufa? Mimi nasoma AJC kwenye simu. Ila mzee wa ghorofa ya chini ninakokaa, msomaji wa tangu ujana wake, hana simu ya kisasa na hataki. Kwake limekufa.

#35 Nahodha wa Msimbazi
Mimi gazeti ni waandishi. Karatasi ni usafiri.

#36 Mgosi wa Usambara
Sikubali. Karatasi ilikuwa inawekwa mlangoni, unaiona hata kama hukuitafuta. Kwenye simu unasoma ulichokifuata tu, ukurasa wa halmashauri huufungui.

#37 Bint Malindi, Unguja
Je, madogo bado yana nguvu yoyote?

#38 Mwana Kivu, Kentucky
Yanayo. Agosti 2023 polisi wa Marion, Kansas, walivamia ofisi ya Marion County Record, gazeti la wiki, wakachukua kompyuta na simu. Walivamia na nyumba ya mmiliki. Mama yake, Joan Meyer, mwenye miaka 98 na mmiliki mwenza, alifariki kesho yake. Gazeti lilitoka wiki ileile kwa wakati. Hakuna anayevamia kitu asichokiogopa. Na Storm Lake Times la Iowa, mji wa watu kama 10,000, lilishinda Pulitzer ya tahariri 2017 kwa kuyabana makampuni makubwa ya kilimo juu ya uchafuzi wa mito.

#39 Mtoto wa Ujiji
Wakuu, mwenye kutaka kusoma yale ya zamani aingie Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la Marekani, bure kabisa. Herald la karne ya 19 limo. Nimetafuta neno Ujiji katika matoleo ya 1872, kazi ya usiku mzima, na maandishi ni madogo mno.

#40 Mnyamwezi Halisi
Tafuta na Unyanyembe. Wao waliandika kwa tahajia zao, jaribu namna tofauti.

#41 Mhasibu Ilala
Nahodha, nimerudi na jambo la kukusaidia na kukuumiza pamoja. Mwekezaji tajiri Warren Buffett alinunua Buffalo Evening News mwaka 1977, akaanzisha toleo la Jumapili, mpinzani wake Courier-Express akafa 1982, na News likawa mgodi wa fedha. Hapo ni ule ukiritimba wako. Lakini Buffett huyohuyo, asiye na haraka wala uhaba wa mtaji, aliyauza magazeti yake yote kwa kampuni ya magazeti ya Lee Enterprises mwaka 2020 kwa dola milioni 140. Kama tatizo lingekuwa deni na tamaa tu, yeye angebaki.

#42 Nahodha wa Msimbazi
Aliuza, lakini pia aliikopesha Lee fedha za kununulia. Deni limehamia kwa mwingine, na mimi bado nauliza nani atalilipa kama si mwandishi.

#43 Karani wa Posta
Kabla hamjaenda mbali, kuna nguzo moja haijatajwa: matangazo ya kisheria. Sheria za majimbo zinataka mnada wa nyumba, zabuni na bajeti ya halmashauri vichapwe kwenye gazeti. Kwa gazeti la wiki hayo ni sehemu kubwa ya mapato, na sasa baadhi ya majimbo yanaruhusu serikali kuweka kwenye tovuti yake yenyewe. Mama wa Columbus, kule kwenu matangazo hayo baada ya gazeti kufungwa yanachapwa wapi?

#44 Mama wa Columbus
Kwenye gazeti la mji wa mbali ambalo hakuna mtu hapa anayelinunua.